Swali Nililoliacha Shamba la Shule

Nakumbuka vizuri siku moja, mwanangu, kuliko siku zote nilizokaa darasani, kwa sababu ndiyo iliyonitoa shule. Nilikuwa darasa la sita, huku huku Msalato, kabla hata ya habari za kujengwa uwanja wa ndege hapa. Mizabibu ya baba ilikuwa imeota ukungu mweupe kama unga, zabibu zinapasuka zingali changa. Kila asubuhi baba anayafuta majani kwa kitambaa, kama anayemfuta mtoto kamasi. Sare zetu, chumvi, mahindi ya wakati wa njaa, vyote vilitoka kwenye mizabibu ile.

Mwalimu Sosteni alikuwa anatuandikia ubaoni habari za karafuu. Karafuu, Dodoma! Nikanyoosha kidole.

"Mwalimu, mizabibu ikiota unga mweupe, inatibiwa na nini?"

"Hilo lipo kwenye mtihani?"

"Sijui, Mwalimu."

"Mimi najua. Halipo." Darasa likacheka. "Na kwa vile unapenda sana kilimo, chukua jembe, nenda shamba la shule mpaka kengele."

Shamba la shule lilikuwa jela yetu. Umechelewa, jembe. Umepiga kelele, jembe. Watoto wa wakulima tulifundishwa kwamba kulima ni adhabu, halafu leo wanashangaa tunavyouza mashamba! Mwalimu mkuu, Chidong'a, akapita akanikuta nahangaika na ardhi kavu, nikamweleza swali lililonileta pale. "Chimba, bwana mdogo," akasema, "labda jibu liko chini." Nawataja kwa majina, maana wao jina langu walishalisahau.

Sikuuliza tena. Msimu ule mizabibu ikafa yote, baba akaing'oa kwa mkono wake, ikawa kuni. Akaniambia, "Kaa nyumbani. Shule yenu inajua ya karafuu za Pemba, ya hapa haiyajui." Nikaenda kuchunga ng'ombe za watu.

Nilishakuwa mtu mzima nilipoambiwa kuwa dawa ya ukungu ule ni unga wa salfa, na kwamba hata wakati ule ulikuwa unauzwa mjini. Simlaumu Sosteni kwa kutojua. Namlaumu kwa kuwa hakuniambia tu, "Kamuulize bwana shamba." Na baba namlaumu vilevile, Mungu amrehemu, kwani kunitoa shule hakukufufua hata shina moja.

Sasa juzi ulitupa begi chini ukasema, "Baba mkubwa, naacha. Wanayotufundisha kule hayana kazi huku." Mwanangu, nilikuwa kama namsikia baba yangu.

Usiache. Uliza. Wakikucheka, uliza tena. Wakikupa jembe, lima, kisha rudi darasani na swali lile lile. Mimi nilirudisha jembe stoo, swali nikaliacha kule shambani, na ndiyo maana mpaka leo napogoa mizabibu ya wenzangu.

Nami kwenye mkutano wa wazazi, ambako kila mwaka tunabishana rangi ya ukuta, nitasimama niseme: shamba la shule lisiwe tena adhabu, liwe darasa, na bwana shamba aitwe aje kufundisha. Watacheka kwamba sikumaliza hata la saba. Wacheke. Safari hii sikai chini.

Nenda kalale, mwanangu. Mungu akukutanishe na mwalimu asiyeona aibu kusema, "Sijui, hebu twende tukaone."