Dobi Naijua na Makoti Ishirini na Manne

Umewahi kuvalishwa suruali ya jirani yako na dobi? Wateja wa Naijua walivalishwa, na wengi wao hawakurudi kulalamika. Hawakurudi kabisa.

Jina hilo alijipa kwa mdomo wake. Kwa miaka kumi na moja, ukimwomba aitie nguo yako alama, alikujibu, "Ya nini? Nguo nikiishika mara moja, naijua." Na kweli aliijua. Shati la kinyozi lilikuja na vinywele kwenye kola, suruali ya fundi bomba ilitoboka goti la kushoto. Pasi yake nayo ilinyoosha suruali hadi mstari ukaweza kukata nyanya. Lakini wateja walipoongezeka, kichwa kilibaki kile kile kimoja. Mpiga kinanda wa kwaya akapewa kaptula za mlinzi wa soko.

Ndipo matroni wa zahanati alipoingia, mikono kaikunja kifuani.

"Fundi, juzi umempa muuguzi wangu mfupi koti la mrefu. Kashinda kalishika pindo kama bibi harusi."

"Samahani, mama. Mchanganyiko mdogo tu."

"Mdogo kwako. Pale njia panda, wewe uko kushoto, na kulia wamefungua duka la kufulia kwa mashine. Nakuletea makoti ishirini na manne. Likipotea njia hata moja, nahamia kule, pamoja na mashuka ya wodi niliyotaka kukupa wewe."

Mzigo ukaja. Makoti yote meupe, yote ya mshonaji mmoja, yamelala mezani kama mayai ya kuku mmoja. Naijua akayageuza, akayanusa, akayageuza tena. Hakuambulia kitu.

Mkewe, aliyekuwa akipiga pasi pembeni, akashusha kopo la nyuzi. "Tutie uzi ndani ya pindo. Kila mtu na rangi yake."

"Nguo si mbuzi, mke wangu, hata itiwe alama."

"Mbuzi angalau anajua njia ya kwao. Koti halijui."

Naijua akacheka bila kupenda, na aliyecheka keshashindwa. Wakayabeba makoti mpaka zahanati saa ya chai, kila muuguzi ajipimie, achukue lake na achague uzi wake. Nyekundu iligombewa na wawili, ikabidi mmoja apewe nyekundu na kijani.

"Waulize na wanavyotaka yarudi," mkewe akanong'ona.

"Tangu lini dobi akauliza?"

"Tangu wateja walipoanza kuhama."

Akauliza. Muuguzi mmoja mnene, mteja wake wa siku nyingi, akasogea. "Mimi kola usiitie wanga. Inanichuna shingo."

"Tangu lini, dada?"

"Tangu uanze kunifulia."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini, na wewe ulishasema unaijua?"

Chumba kizima kikacheka, na Naijua akacheka nao huku masikio yakimwaka. Miaka yote hiyo kimya chao alikihesabu kuwa sifa. Ndilo kosa la wengi wanaouza: mteja akinyamaza, wanamweka kwenye kundi la walioridhika, kumbe anatafuta mlango.

Mengine yakamiminika. Huyu anataka mfuko wa kalamu unyooshwe vizuri, yule yuko zamu ya Jumamosi na koti humfikia Jumatatu. Mkewe akayaandika yote daftarini. Siku mbili walifua, wakaanika, wakapiga pasi wakitaniana, na kila koti lilipokunjwa, pindo lilifunuliwa kwanza, daftari likasomwa.

Jioni ya kupeleka, matroni alikagua pindo moja moja. Akafika la mwisho. "Sawa," akasema.

"Na mashuka, mama?"

"Kesho asubuhi utayaona yanakoelekea."

Asubuhi Naijua alikuwa mlangoni, mswaki mdomoni, mkewe nyuma yake. Bawabu wa zahanati akatokea akisukuma mkokoteni uliojaa mashuka mpaka yeye mwenyewe haonekani. Alipofika njia panda akasimama kufuta jasho. Kule kulia, mwenye mashine alishatoka nje, kafungua milango yote miwili, anatabasamu. Bawabu akamsalimia kwa heshima, akainama, akasukuma. Gurudumu likalia, likakata kushoto.