Divai Ambayo Sikuwa Nimeionja

Hoteli niliyokuwa nikihudumu mjini Sumbawanga ilikuwa na chupa chache za divai, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuandika orodha yake. Shule niliishia la saba. Mambo ya divai nilijifundisha mwenyewe katika kitabu kilichochakaa ambacho mgeni mmoja alikisahau chumbani. Humo nilisoma kwamba orodha nzuri ina nyekundu na nyeupe, kali na tamu, ya nyama na ya samaki. Basi niliandika, nikachana, nikaandika tena. Herufi ikipinda kidogo, nilikosa usingizi. Wakati huo hata sukari ilikuwa ya kupangia foleni, lakini hofu yangu ilikuwa kwamba mgeni wa kutoka Dar es Salaam angeiona orodha yetu kuwa ya kishamba.

Mama alikuja akiwa njiani kwenda hospitali Mbeya. Koo lilikuwa limemvimba na chakula kilipita kwa taabu. Lori la kumchukua lingeondoka alasiri. Nilimketisha dirishani, penye jua, maana baridi ya mwezi wa sita ilikuwa imeanza. Nilitaka kitu kimoja tu: kabla hajaondoka, anywe kwa mkono wangu glasi ya divai bora kuliko zote.

Nikampa orodha. Kusoma alikuwa amejifunza ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima kijijini. Akaisoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari.

"Mwandiko wa nani huu?"

"Wangu, mama."

"Unapendeza. Sasa ipi nzuri humu?"

Nikamwonyesha ya juu kabisa.

"Umeionja?"

"Hapana. Nimesoma tu."

Akacheka huku ameshika koo. "Kumbe wewe ni padri anayefundisha mambo ya ndoa!"

Mama alipika pombe ya ulezi maisha yake yote. Kwetu mwenye chungu ndiye anayetangulia kunywa, ili mgeni naye anywe bila wasiwasi. Alinitazama, akangoja. Nikamimina, nikanywa kwanza.

Meneja alikuwa mlangoni. "Ndugu mhudumu, leo umegeuka mteja?"

Nilimgeukia mama. Divai ilikuwa imeharibika, siki tupu.

"Mbaya hii, mama. Usinywe."

"Basi ifute kwenye orodha," alisema.

Nikamletea ya Dodoma, nikatangulia tena. Hiyo ilikuwa nzuri. Mama alilowesha midomo, akajaribu kumeza, machozi yakamlengalenga. Akanirudishia glasi taratibu.

"Nzuri, mwanangu. Nitaimalizia nikirudi."

Lori lilipokuja nilimpandisha mbele, kando ya dereva. Glasi niliifunika kwa kisahani, nikaiweka kabatini. Najua ulikuwa upuuzi. Divai ile ilichacha, nami sikuimwaga mpaka habari zilipofika kutoka Mbeya.

Siku ya kumaliza matanga, mama mdogo alipika pombe kwa kimea ambacho mama alikuwa amekianika mwenyewe kabla ya safari. Chungu kikawekwa uani. Yeye ndiye aliyepika, kwa hiyo watu walimngoja atangulie. Akachota kibuyu, akanishikisha mimi.

"Kimea ni cha mama yako. Anza wewe."

Nikanywa. Koo langu lilikuwa zima, lakini pombe ilikataa kushuka. Nilikaa nayo mdomoni, watu wote wakinitazama, mpaka ikapita.

"Nzuri," nikasema, nikampa kibuyu aliyekuwa karibu nami.