Tochi ya Mlinzi wa Ghala

Mlinzi wa ghala letu huchagua tochi kama mtu anayeposa. Dukani haulizi mwanga wake. Kwanza hufumba macho, akaitafuta swichi kwa kidole gumba, maana, anasema, hofu ikishakuingia vidole vinageuka ndizi. Yenye swichi pembeni huirudisha. Yake ni fupi, ya chuma, swichi iko kitakoni, na kila asubuhi huipangusa kioo kwa upindo wa shati. Akimulika, huunyoosha mkono kando, mbali na mwili. "Mwenye nia mbaya hulenga taa," hutuambia sisi wapakiaji. "Sasa wewe taa umeikumbatia kifuani, si umejitundika mwenyewe kama shabaha?" Tunamcheka, tunamwita Mnara, kama ule wa kuongozea meli.

Siku moja, mchana kweupe, umeme ulikatika tukiwa wawili tu, mimi na yeye, kwenye chumba cha chini. Nyuma ya magunia mtu akakohoa, kisha chuma kikaburuzwa sakafuni. Mlinzi akawasha, mkono kaunyoosha kando vilevile anavyofundisha, na kando yenyewe ndiko nilikosimama mimi. Tochi ilikuwa mbele ya kifua changu.

"Kaka, mbona umenitundika mimi?" nikanong'ona, nusu mzaha.

Hakucheka. Akauvuta mkono, akaishika tochi katikati ya kifua chake. "Pita nyuma yangu, mdogo wangu. Panda ngazi kinyumenyume, usikimbie."

Chuma kikaburuzwa tena, karibu zaidi. Mwanga ulitetemeka ukuta mzima, lakini pale kifuani haukubanduka.