Mama Alitaka Kuiona Nyumba Ileile Mara Tatu

Mama yangu aliapa kwamba Charleston hataikanyaga mpaka anaingia kaburini.

Sisi tunakaa Columbia. Ni mwendo wa saa mbili tu kwa gari. Watu wa kanisani kwetu huenda kula kamba wa baharini na kurudi siku hiyohiyo. Mama? Basi la kanisa likipangiwa kwenda huko, mgongo unamuuma ghafla.

Halafu siku moja tuko jikoni kwake tunamenya viazi vitamu, akaniambia bila kuinua macho, "Latrelle, nipangie safari ya Charleston. Siku tatu."

Kisu kikanisimama mkononi.

Mama anaitwa Verdell; utotoni walimwita Dell. Ana miaka sabini na saba, mjane, mwanakwaya, na mdomo wake hauna breki. Lakini nilipomuuliza kulikoni, akaniambia nimenye viazi.

Basi nikaanza kupanga. Nikamwekea soko la mjini, ufukwe, mkahawa unaopika wali mwekundu kama wa bibi, na gari la farasi la kuzungusha wageni. Akakataa kila kitu.

Alichotaka ni nyumba moja ya kale kule karibu na maji, ya matajiri wa zamani, ambayo siku hizi ni makumbusho. Siku ya kwanza, nyumba hiyo. Ya pili, hiyohiyo. Ya tatu, hiyohiyo.

Nikamwambia hakuna mtu mwenye akili timamu anayetembelea nyumba moja mara tatu.

"Wewe panga," akasema. "Na iwe asubuhi."

Hapo machale yakanicheza.

Nikaanza kumchunguza. Wigi jipya. Rangi ya mdomo, kitu ambacho hajakigusa tangu baba afariki. Simu ikilia, anatoka nayo barazani na kurudishia mlango. Nikitokea, anafupisha: "Haya mwanangu, tutaongea."

Mwanangu? Watoto wake ni mimi na kaka yangu Cornell. Huyu wa tatu katoka wapi?

Nikampigia Cornell, yuko Atlanta. Alicheka, kisha akaacha kucheka. Akaniambia wajane wengi wanapigwa saundi mtandaoni siku hizi, wanakuja kushtuka nyumba imeshauzwa. Kwa hesabu zake, bwana huyo atakuwa anamsubiri mama palepale makumbusho. "Usimwache peke yake," akasema, "hata akienda msalani."

Nikaingia Charleston kama askari kanzu.

Siku ya kwanza tulipokelewa na mwongozaji, mama wa Kizungu, mzee, mvi zimechanwa zikalala, lulu shingoni, beji imeandikwa Ellen. Alikuwa anaeleza habari za ngazi za pale, kwa sauti laini kama mtangazaji wa redio. Alipomwona mama akapotea katikati ya sentensi. Ikabidi aanze upya.

Mimi sikujali. Macho yangu yalikuwa kwa mkagua tiketi, mzee mmoja mtanashati mwenye tai ya kipepeo. Nikajisemea, ndiye huyu. Nikamkodolea macho mpaka akaniuliza kama najisikia vizuri.

Mama hakumtazama hata kidogo.

Siku ya pili tukafika kwenye jiko la uani, lile walilopikia watumwa. Mama akauliza waliokuwa wanapika humo watoto wao walilala wapi. Ellen akajibu kwamba walilala juu, darini.

"Na aliyeondoka," mama akauliza, "alikuwa anawakumbuka waliobaki?"

Wageni wenzetu wakatazamana. Ellen akageukia dirishani, akatupa mgongo.

Nikafuta mambo ya bwana. Sasa nikaona kitu kibaya zaidi: mama hakufuata mapenzi, amefuata kisasi. Nikaamini ukoo wa huyu mama wa lulu uliwahi kututenda, na kwetu Kusini visa vya namna hiyo huwezi kumaliza kuvihesabu. Niliporudi naye hotelini nikamuuliza moja kwa moja. Akasema ana usingizi.

Siku ya tatu akaniambia nimsubiri hotelini. Nikasema sawa.

Nikamfuata.

Nilipita nyuma ya miti, nikaingia kwa geti la bustani ya nyumba ile. Nikawakuta kwenye benchi, wawili peke yao. Katikati yao mfuko wa karanga za kuchemsha. Yule mama wa Kizungu anafyonza kwanza maji ya chumvi kwenye ganda, ndipo analipasua kwa jino la pembeni. Mama yangu vilevile. Jino lilelile.

Nilikuwa nimejiandaa kuamua ugomvi. Badala yake nikasimama kama mti.

Ellen aliponiona akainuka haraka, akaanza kueleza kuwa alikuwa anamwonyesha bibi huyu maua.

"Keti, Lalie," mama akamwambia. "Huyu ni binti yangu. Kwake wewe ni mama mkubwa."

Nyumbani tuliambiwa mama mkubwa Eulalie, Lalie kwa kifupi, alikufa kwa homa akiwa msichana.

Mama akanisimulia palepale. Ukoo wetu, kule mashambani Orangeburg, una damu ya Kizungu ya zamani ambayo hakuna bibi aliyeiomba. Mama alitoka mweusi kama mimi. Dada yake, baba mmoja mama mmoja, alitoka mweupe kiasi kwamba usipoambiwa hujui kuwa si Mzungu. Akaja Charleston, akapata kazi ya kuuza kwenye duka ambalo weusi waliruhusiwa kudeki tu. Akasema ni yatima. Akaolewa na Mzungu. Eulalie akafa, Ellen akazaliwa.

Mama aliwahi kumfuata, mara moja tu. Wakakutana barabarani, Lalie kashikana mkono na mumewe. Mama akamwita kwa jina. Lalie akamtazama kama unavyotazama nguzo ya taa, akapita.

Ndiyo maana mama hakuwahi kurudi.

Mara akaja msichana wa Kizungu na funguo za gari mkononi. Alikuwa Hollis, mjukuu wa Ellen.

"Bibi," akauliza, "hawa ni kina nani?"

Lalie akamwangalia mjukuu. Akamwangalia mama.

"Wageni," akasema. "Wamekuja kuona nyumba."

Mama hakubisha. Alikunja mfuko wa karanga, akanishika mkono, tukazunguka kwenda mbele. Barazani kulikuwa na kundi linalosubiri kuingia. Tukawapita. Tukafika getini.

"Dell."

Haikuwa ile sauti ya redio. Ilikuwa sauti ya shamba, ya Orangeburg, ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya pamba.

"Dell, unaondokaje bila kumuaga dada yako?"

Baraza zima likageuka. Mama akasimama, lakini hakugeuza shingo.

"Nilikuita," akasema. "Hukuitika."

"Naitika sasa."

Sitawaelezea walivyokumbatiana, kwa sababu sikuona vizuri. Macho yangu yalikuwa yamejaa.

Hollis alikuwa analia kuliko wote, na ndipo nikajua kumbe ndiye "mwanangu" wa kwenye simu. Alipima asili yake kwa mate, kama wanavyofanya vijana, akaletewa majina ya ndugu asiowajua wa Orangeburg, akachimba mpaka akampata mama. Safari nzima waliipanga wao wawili. Walikubaliana jambo moja: bibi apewe asubuhi tatu, za zamu zake za kazi, aukiri undugu kwa mdomo wake. Asiposema, wamwache na amani yake.

Si kila kitu kimenyooka. Baba yake Hollis, mwana wa Lalie, mpaka leo haongei na mama yake. Hicho ndicho Lalie alichokiogopa maisha yake yote, na kimetokea. Lakini Jumapili iliyopita Lalie alikaa kanisani kwetu kwa mara ya kwanza, akaimba kwa sauti na kukosea beti.

Wewe unayesoma, mzazi wako akianza kuwa na siri, usivae ukachero. Mimi nilimshuku mama kwa mapenzi, kwa kutapeliwa, kwa kisasi. Sikuwaza hata mara moja kwamba mtu mzima anaweza kuwa amemkumbuka mtu, basi.

Kaa naye. Muulize nani alimpotea. Muulize angali na sauti ya kukujibu.