Managu Yenye Mizizi

Juzi, nikipita mtaa wa Section 58, nilimwona kijana wa boda akimkabidhi mama mmoja kikapu cha mboga kutoka shambani. "Nimekung'olea na mizizi, mathe, zisinyauke," alisema. Mama akacheka. Mimi nikanusa ule udongo mbichi, na mara nilikuwa Gilgil, mtoto wa miaka saba.

Baba alipofariki, mama na mimi tulihamia chumba cha kupanga. Kila Jumamosi baba mdogo alituletea fungu letu la managu, yaani mnavu, kutoka kipande cha baba katika shamba la babu. Alichuma majani tu, ili mashina yachipuke tena.

Jumamosi moja alasiri alileta gunia zima. Managu yalikuwa yameng'olewa, mizizi ikidondosha udongo sakafuni.

"Umeng'oa yote, shemeji?" mama aliuliza.

"Trekta inaingia kesho. Nimeamua kupanda mahindi yangu."

"Na sisi?"

"Si nimewaletea?"

Mama alichambua, akachemsha, akamwaga maji machungu, akatia maziwa. Chumba kizima kilinukia. Sikuwa nimewahi kuona sufuria yetu ikijaa hivyo. Mama hakugusa sahani yake.

Nimezunguka miji mingi tangu hapo, kote nikipanga. Najua sasa kwamba siku ile tulinyang'anywa shamba. Kinachoniuma ni kwamba baba mdogo alipoondoka, nilimkimbilia hadi barabarani.

"Asante, baba mdogo. Jumamosi utuletee mengi kama haya."

Alinipapasa kichwa, akasema, "Sawa."