Damu ya Baba Mkwe

Siku aliyoletwa yule binti, umande ulikuwa bado uko kwenye migomba. Alibebwa na wanaume wa kijijini kwao, upande wa Kumsenga, juu ya kile kitanda cha kusukwa ambacho watu wa huko hukiweka mabegani na kukimbia nacho wakipokezana. Mumewe alikuwa mmoja wa wabebaji, jasho limemlowesha shati lote. Nyuma yao, kwa mbali, alikuja mzee mrefu aliyevaa koti kuukuu. Alitembea kama mtu mwenye safari yake mwenyewe, ambaye njia tu ndiyo iliyomkutanisha na wale wengine.

Nilikuwa nesi katika hospitali ndogo ya upande wa Kibondo, nisiyotaka kuitaja. Ilikuwa miaka ya sabini. Vijiji vipya vilikuwa vinapangwa, na familia nyingi zilizokimbia mauaji Burundi zilikuwa zimejishikiza kwa jamaa na marafiki wa Kiha upande wetu wa mpaka. Mimi natoka Masasi, kusini kabisa. Nilikuwa kijana, nimetoka chuoni na gauni jeupe lililopigwa pasi, nikiamini kwamba mwili wa mtu ni mwili wa mtu, uwe wa Mmakua au wa Mrundi.

Binti alikuwa amejifungua mtoto wa kiume usiku, salama. Lakini kipande cha kondo la nyuma kilibaki tumboni, na damu ilikuwa haijaacha kumtoka. Nilipomfunua kope nikaona weupe. Mganga msaidizi, ambaye ndiye aliyekuwa daktari wetu, alikitoa kile kipande kwa mkono, nami nikamchoma sindano ya kukaza kizazi. Damu ilipungua. Ila iliyokwisha kutoka ilikuwa nyingi mno. Midomo ilikuwa rangi ya majivu, na nilipomwita alifumbua macho kama mtu anayeitwa kutoka ng'ambo ya bonde.

"Apate damu," mganga alisema, "au tunampoteza kabla ya adhuhuri."

Hatukuwa na damu ya akiba. Mimi na mganga tulikwisha kujipima siku nyingi. Makundi yetu hayakumfaa. Tukampima mumewe, haikufaa. Wale wanaume wengine, waliposikia kwamba mtu anatolewa damu kwa sindano, kila mmoja alikumbuka mbuzi aliyemwacha bila kufungwa. Walipotea mmoja mmoja, wala siwalaumu.

Akabaki mzee wa koti. Alikuwa amesimama nje, chini ya dirisha la wodi, ameligeuzia dirisha mgongo. Ndiye baba yake mume. Mkewe hakujulikana alipo tangu siku walipokimbia. Wazazi wa binti nao walibaki huko Burundi, na hakuna aliyejua kama wako hai. Tangu wafike, mzee hakuwa ametia mguu wodini wala kumtazama mgonjwa. Aliuliza habari zake kwa kuisemesha hewa: "Yule wa ndani ameamka?" Nilimwona mzee mwenye roho ngumu.

Sikupaswa kumwona hivyo. Kwetu Masasi, baba yangu hakuwahi kula mbele ya bibi yangu mzaa mama. Walipokutana njiani, baba aliingia porini mpaka bibi apite, na hapakuwa na chuki kati yao, ilikuwa heshima. Nilikua nikiliona jambo hilo, na wala halikunipa shida. Lakini nilipovaa gauni jeupe nililiacha nyumbani pamoja na mambo mengine niliyoyaita ya wazee.

Tulimpima mzee. Damu yake ilifaa.

Nilimpelekea habari kwa furaha. Akafunga kifungo cha koti lake. Kisha akaniuliza, kwa Kiswahili chake kilichojaa lafudhi ya kwao:

"Sista, hiyo damu, ikiisha kuingia kwake, inakaa?"

"Inamsaidia, mzee. Anapata nguvu."

"Nauliza, inakaa? Au inatoka?"

"Mzee, mgonjwa ana hali mbaya. Hatuna muda."

Alitazama chini, akasugua kiganja kwa kiganja. Mwanawe alikuwa amesimama kando, na sasa naelewa kwamba hata yeye alikuwa anangoja jibu langu.

"Itakuwa ni yangu ndani yake," mzee alisema, "au itakuwa imekwisha kuwa yake?"

Alikuwa ameniuliza swali lile lile kwa njia tatu. Mtu akiuliza jambo mara tatu, anakupa mlango uingie. Mimi nilisikia ubishi tu. Nilisikia mzee anayeogopa sindano na anayetafuta maneno ya kujificha nyuma yake. Nikamjibu kama anavyojibiwa mtoto:

"Ni kama haya maji ya chupa tunayowatundikia wagonjwa, mzee. Yanaingia, yanapita. Usiwe na wasiwasi."

Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza. "Umesema wewe, muganga," akasema, akiniita tabibu kwa lugha ya kwao, akakunja mkono wa koti.

Chumba cha kumlaza mtoa damu hatukuwa nacho. Nikamlaza kwenye kitanda cha pili, humo humo wodini, tukatenganisha kwa shuka moja lililotundikwa kwenye kamba, na shuka lenyewe halikufika mwisho wa vitanda. Mzee alijifunika uso kwa koti lake. Upande wa pili, binti yule aliyekuwa hana nguvu hata ya kumeza mate, aliposikia kikohozi cha baba mkwe wake, alivuta kanga akajifunika uso naye. Nikaifunua. Nilitaka kuona rangi ya midomo. Akaivuta tena, nikaifunua tena, nikamwambia kwa ukali kidogo atulie.

Mikono yangu inaikumbuka kanga ile kuliko inavyoikumbuka sindano.

Mchana midomo yake ilianza kurudi. Jioni aliomba uji. Mganga alinipiga bega akasema nimefanya kazi, na mimi nilikubali moyoni kwamba kweli nimefanya kazi. Walipoondoka, binti akitembea kwa miguu yake na mtoto mgongoni, mume alinipigia makofi ya taratibu kwa viganja vilivyokunjwa, kama wanavyofanya watu wa huko wakishukuru. Mzee alikuwa ametangulia.

*

Mvua zilikuwa zimeanza nilipokwenda kijijini kwao kwa kliniki ya watoto. Tulikuwa tunakwenda na gari, tunatundika mizani kwenye mti, akina mama wanapanga foleni. Yule binti alikuja. Mtoto alikuwa mnene, mapaja yana mikunjo, nami nikamnyanyua juu kwa furaha kama niliyemzaa.

"Baba yake anasemaje?" nikamuuliza. "Si anajivuna!"

Binti akacheka kidogo, akainamisha macho. "Kaka hajambo," akasema.

Nilidhani hajanisikia. "Namuulizia mumeo."

"Ndiye huyo. Sasa ni kaka yangu."

Mama mmoja aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni, jirani yao, ndiye aliyenieleza, bila ya lawama, kama anavyomweleza mgeni njia ya kwenda kisimani. Kwa Waha, na kwa Warundi vilevile, watu wawili wakichanjana na kila mmoja akaonja damu ya mwenzake, huwa ndugu. Wanaita kunywana. Undugu huo hauvunjwi, na watoto wao hawaoani, maana ni wa damu moja. Sasa huyu binti hakuonja damu ya baba mkwe. Ametiwa chupa nzima. Mzee aliporudi nyumbani hakuweza kunyamaza. Aliwaita wazee wenzake akawaambia yote, pamoja na jibu langu la maji. Walikaa, wakasemezana siku nyingi. Mwisho wakaona kwamba binti amekuwa mtoto wa mzee. Na kama ni mtoto wa mzee, basi mumewe ni kaka yake.

Hawakumfukuza. Hilo lazima niliseme, maana nimesikia watu wakisimulia mila za wenzao kana kwamba ni ukatili mtupu. Walimjengea chumba chake ndani ya ua ule ule. Mzee, ambaye zamani hakuweza kumtazama, sasa alikula naye na kumwita kwa jina. Binti aliyekuwa hana mzazi upande huu wa mpaka alimpata baba. Lakini mume wake alikuwa analala kwa jirani, na macho ya binti yalikuwa mekundu kila nilipoyatazama.

Niliwaacha akina mama kwenye mizani nikaenda kwa mzee. Nilimkuta anapukuchua maharage uani. Nikachuchumaa, nikaanza kumweleza: damu haina undugu, chembe zake hufa na mwili hutengeneza nyingine, baada ya miezi michache hakuna hata tone lililobaki. Nilieleza vizuri sana. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Sista," akasema, "siku ile ulisema ni maji."

"Ndiyo, mzee."

"Maji ulikuwa nayo. Yalikuwa yananing'inia pale kwenye chuma, nimeyaona. Kama damu yangu ni maji, kwa nini hukumpa yale?"

Nikaokota ganda la maharage, nikaligeuza mkononi.

"Nilikuuliza," akaendelea, wala hakupandisha sauti. "Ungeniambia inakaa, ningeitoa vilevile. Nani amwache mtoto afe? Lakini kwanza ningemwita mwanangu na wazee wawili watatu pale pale nje, tukasema maneno yanayosemwa, ili damu iingie kama dawa, isiingie kama undugu. Kuna namna. Baada ya tendo hakuna tena namna."

Mwanawe alikuwa anakata kuni karibu na ua. Alisikia yote. Shoka lilisimama kidogo, kisha likaendelea.

Nimeyapima maneno ya mzee kwa miaka mingi. Mganga alipoyasikia aliniambia nisijisumbue, yule binti angekuwa kaburini. Ni kweli. Ningerudishwa siku ile ningemtafutia damu tena, na ningeitia. Hilo halinipi usingizi mzuri hata kidogo, maana sikuambiwa nichague kati ya uhai wake na ndoa yake. Mlango wa kuviokoa vyote viwili ulikuwa wazi pale chini ya dirisha, na ilikuwa kazi ya kusema tu: "Mzee, kwa nini unauliza hivyo?"

*

Baadaye nilihamishiwa Kasulu. Huko akaletwa mama mmoja wa makamo aliyepungukiwa damu vibaya, na mtu pekee aliyefaa alikuwa mume wa binti yake. Nilimtoa yule kijana kando, nikamuuliza kama kuna ubaya wowote damu yake kuingia kwa mama mkwe wake, na kama kuna mtu wa kuitwa kwanza. Kijana akaenda kuzungumza na shemeji zake, akarudi amevaa uso mzito. Wanasema, akaniambia, aitwe shangazi yao anayekaa nyuma ya msikiti. Shangazi akaja, akasimama mlangoni, akasema maneno machache ya Kiha, akajitemea mate kifuani, akatuambia tuendelee. Maji ya kuchemshia sindano niliyoyabandika jikoni yalikuwa hayajaanza hata kutokota.

Wenzangu walifurahi kwamba yule mama amepona. Mimi nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi ya jiko, nikalia. Mpishi akadhani nimefiwa, akaniletea chai. Sikuweza kumweleza kwamba ninalia kwa sababu ilikuwa rahisi mno.

Mwaka wangu wa mwisho Kasulu nilimwona yule binti sokoni. Yeye ndiye aliyeniona kwanza, akaniita kwa sauti, akapiga goti kunisalimia mbele ya watu mpaka nikaona aibu. Alikuwa ameolewa tena, huku huku Kasulu. Yule mzee ndiye aliyemwoza, akapokea ng'ombe kama baba yeyote, na mume wake wa zamani alikuja harusini na mtungi wa pombe ya ndizi, kama kaka. Alinisimulia haya kwa uso mkunjufu. Mgongoni alikuwa na mtoto mchanga wa kike.

"Na yule mkubwa?" nikauliza. Nilijua jibu kabla halijatoka.

"Yuko kwa babu yake. Mtoto ni wa ukoo wao, si nilimzalia kule?" Akampandisha vizuri yule wa mgongoni. "Anakuja mavuno yakiisha. Siku za kwanza ananiogopa, halafu ananizoea. Akishanizoea, wanakuja kumchukua."

Nilitaka kumwomba radhi. Nilikuwa nimeyapanga maneno miaka yote ile. Nikaanza, "Siku ile, mimi nilimwambia baba yako..." Akanishika mkono.

"Sista, usiseme. Wewe uliniponya. Mimi nikikusikia unajuta, nitaona kama unasema bora ningekufa."

Basi nikanyamaza, nisingeweza kumtwisha na mzigo wangu pia. Alinionyesha sikio la mtoto, lilikuwa linatoa usaha. Nikaliangalia juani pale pale, kati ya mafungu ya mihogo na samaki wakavu wa ziwani, nikamwambia amlete kesho asubuhi, nitakuwepo. Akauliza kama ni lazima aje na mumewe. Nikamuuliza yeye angependa nani aje naye. Alifikiri kidogo, akasema atakuja na wifi yake, maana wifi ndiye anayejua kumtuliza mtoto akishikwa kichwa atazamwe sikio. Nikamwambia aje naye.