Vimulimuli wa Dada Fundi

Jioni moja ya joto kali, fundi cherehani alifunga kibanda chake, akaketi uani na mdogo wake aliyekuja kumtembelea. Majanini vimulimuli waliwaka na kuzima.

"Dada, unakumbuka?" aliuliza mdogo mtu.

Walipofiwa na mama yao, yeye alikuwa akilia kila giza lilipoingia. Dada mtu, mtoto wa miaka tisa tu, alishuka bondeni peke yake kumkamatia vimulimuli, akawatia kwenye chupa kando ya kitanda. Mdogo wake akishalala, aliwaachia waende zao.

"Wewe hukuwa na woga hata chembe."

Fundi akacheka mpaka akashika mbavu. "Nani, mimi? Giza nililiogopa kuliko wewe! Nilikuwa naimba njia nzima, meno yakigongana."

Mdogo mtu hakucheka. Aliushika mkono wa dada yake, wenye makovu ya sindano, akaubusu.